Msumari haugeuzi mpapai dume, na mengine ninayoyasikia kila msimu wa kupanda

"Mpapai dume ukipigwa msumari utazaa"

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Simu inaita, mteja ana furaha: "Bwana shamba, mpapai wangu ulikuwa dume, ila nimeshaugongelea msumari wa inchi sita. Nisubiri muda gani?" Nalisikia Kigamboni, nalisikia Kimara, nalisikia kwa watu waliosoma baiolojia mpaka kidato cha sita. Mmoja atakwambia msumari lazima uwe na kutu, mwingine lazima upigwe alfajiri kabla hujasema na mtu, na mwingine anaongeza kuutishia mti kwa panga. Ukimuuliza kajifunza wapi, jibu ni lile lile: jirani alifanya, na mti ukazaa.

Jinsia ya mpapai imeshaamuliwa ndani ya mbegu kabla haijaota. Kuna mipapai jike, dume, na yenye jinsia mbili, na kinachoamua ni kromosomu. Chuma ulichokipigilia kwenye shina hakigusi kromosomu. Kinachofanya ni kufungua kidonda. Shina la mpapai ni laini, katikati ni tupu, na halina mbao ngumu ya kujikinga. Maji ya mvua yanaingia kwenye tundu, kuvu inafuata, na nimeitwa mara nyingi kuangalia mpapai uliovunjika kiunoni, usawa ule ule wa msumari.

Sasa, je, jirani alisema uongo? Hapana. Aliona mapapai kweli. Shida ni kwamba hakuelewa alichokiona.

Baadhi ya mipapai dume, hali ya hewa ikibadilika, hutoa maua machache yenye sehemu ya kike na kuzaa vipapai vyembamba vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu. Hufanya hivyo bila kuguswa na mtu, na msimu ukipita hurudi kwenye udume wake. Halafu kuna mipapai yenye jinsia mbili, na hii ndiyo inayodanganya watu zaidi. Kipindi cha joto kali na ukame, maua yake hupoteza sehemu ya kike, yanabaki ya kiume matupu na yanadondoka. Mwenye mti anatazama wiki baada ya wiki hakuna tunda, anatangaza kwamba ni dume, anapiga msumari. Mvua zinanyesha, mti unatulia, unashika matunda, na sifa zote anapewa msumari. Angetoa ndoo mbili za maji na matandazo ya majani makavu, angepata mapapai yale yale mapema zaidi na shina likabaki zima.

Kwa hiyo kabla hujaita mti dume, fungua ua. Chukua kisu kikali, pasua ua ambalo linakaribia kuchanua, kuanzia kwenye kikonyo kwenda juu. Ua la jike ni nono, limekaa karibu na shina, na ndani chini utaona kitumba cha mviringo chenye rangi ya maziwa: hicho ndicho papai. Petali zake tano zimeachana mpaka chini, na hakuna vumbi la njano. Ua la jinsia mbili lina kitumba pia, ila kirefu, na limezungukwa na vifuko vya chavua vya njano. Petali zake zimeshikana nusu ya chini. Ua la dume ni jembamba kama bomba, ndani hamna kitumba cha maana, na halikai peke yake. Yako makumi kwa makumi kwenye mkia mrefu wenye matawi. Ukishapasua maua matatu au manne kutoka mti mmoja hutahitaji kuniuliza tena.

Na hapa kuna kosa la upande wa pili. Watu wakishajua dume, wanafyeka madume yote. Baada ya muda wananiita: majike yanadondosha vitoto, au mapapai ni madogo na hayana mbegu. Jike linahitaji chavua. Ukiwa na mipapai ya kienyeji, acha dume moja kwa kila majike kumi hivi. Kazi ya kuhamisha chavua hufanywa zaidi na nondo wakubwa wanaokuja magharibi, giza linapoanza kuingia, wakisimama angani mbele ya ua huku mabawa yakitetemeka. Ndiyo maana nakasirika nikimkuta mtu anapuliza dawa ya wadudu kwenye maua jioni.

Dawa halisi ya mpapai dume iko kwenye siku ya kupanda. Weka miche mitatu au minne kwenye eneo la shimo moja, ikiwa imeachana kama shubiri moja na nusu. Isubiri itoe maua, kwa kawaida miezi minne hadi sita baada ya kupanda. Kisha chagua mmoja na ukate iliyobaki usawa wa ardhi. Usiing'oe, utachana mizizi ya uliyemchagua. Hesabu yake ni hii: mbegu za jike lililochavushwa na dume hutoa nusu majike, nusu madume. Ukipanda mche mmoja, una nafasi moja kati ya mbili ya kupata dume. Ukipanda minne, nafasi ya yote kuwa madume ni moja kati ya 16. Mtu anakataa kuongeza miche mitatu ya bei ndogo, halafu anatumia miezi kumi kulea dume na kununua msumari.

Mwenye uwanja wa mipapai miwili tu namshauri atafute mbegu za jinsia mbili, za jamii ya Solo. Mti huo hujichavusha wenyewe. Mbegu zake, zikiwa zimejichavusha, hutoa theluthi mbili za jinsia mbili na theluthi moja majike, wala hakuna dume. Lakini papai hilo hilo likichavushwa na dume la jirani upande wa pili wa ukuta, kizazi kinachofuata kitakuwa na madume. Usiniletee malalamiko kwamba ulihifadhi mbegu za papai zuri la dukani na baadhi zikatoka dume. Nondo hatambui mpaka wa kiwanja.

Kuhusu mbegu zinazozama kuwa jike na zinazoelea kuwa dume: zinazoelea mara nyingi ni tupu, basi. Rangi haikwambii jinsia, wala mzizi ulionyooka. Badala ya kuzipigia ramli, ziondolee ule utando wa utelezi, maana unazuia kuota. Zisugue na majivu kwenye chujio, suuza, anika kivulini.

"Nilikula parachichi tamu, nimepanda kokwa lake"

Umepanda bahati nasibu. Ua la mparachichi huchanua mara mbili: mara ya kwanza likiwa la kike, linafunga, kisha linachanua tena likiwa la kiume. Kwa mpangilio huo mti unapokea chavua kwa urahisi kutoka mti mwingine, na kokwa ulilolipanda lina baba usiyemjua. Utasubiri miaka mitano, saba, wakati mwingine zaidi ya kumi, na tunda linaweza kuwa la nyuzinyuzi au la majimaji.

Wajanja hunijibu kwamba hata Hass, ile aina maarufu ya parachichi, ilitokana na kokwa. Kweli. Rudolph Hass, tarishi wa posta huko California, alipanda makokwa mwaka 1926, na mmoja wa miti iliyoota ukatoa tunda lisilofanana na la mzazi wake. Akauwekea hataza mwaka 1935. Mti ule ulikufa mwaka 2002, lakini kila mti halisi wa Hass ulioko Rungwe, Njombe au Murang'a ni mwendelezo wake kwa njia ya kubebesha: kitawi juu ya shina, kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyepata Hass nyingine kwa kufukia kokwa la Hass.

Hapo hapo naambiwa mti uliobebeshwa "umechezewa vinasaba" na matunda yake yana kemikali. Kubebesha ni kisu, kitawi na utepe wa nailoni. Hakuna kinachoingizwa kwenye mbegu.

Wapo pia wanaodai mti waliouziwa "umegeuka": ulizaa vizuri, kisha ukaanza kutoa matunda ya ajabu. Ukienda kuangalia unakuta machipukizi yaliyotoka chini ya kiungio yameachwa yakapanda, yakauzidi nguvu mti wenyewe. Wamekuwa wakimwagilia shina la chini miaka mitatu. Kila ukipita karibu na mti wako, inama, tazama chini ya kovu la kiungio, na chochote kinachochipuka hapo kinyofoe kingali laini.

Kwa maembe, bibi yako aliyepanda kokwa akapata embe lile lile hakubahatisha. Baadhi ya maembe kokwa moja hutoa miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo ni nakala ya mama. Kent, Keitt na Tommy Atkins hayako hivyo. Kokwa hutoa mche mmoja uliochanganyika. Hayo nunua yaliyobebeshwa.

Na kabla hatujaliacha parachichi: Hass ni ya nyanda za juu. Ukiwa Mbagala au Bunju na ukaing'ang'ania kwa sababu umesikia bei yake ya kuuza nje, utalea majani. Pwani ina maparachichi yake, makubwa, yenye ngozi laini, yanayovumilia joto. Panda hayo.

"Weka chumvi kwenye shimo"

Kwa mnazi, wazee hawakukosea. Mnazi unahitaji kloridi kwa wingi, na huko Ufilipino wakulima huelekezwa kuweka chumvi kama mbolea. Tatizo ni watu kuichukua desturi ya mnazi na kuihamishia kwenye kila mti. Mparachichi ni miongoni mwa miti ya matunda isiyovumilia chumvi kabisa, na mwembe nao huumia. Wengi Dar es Salaam wanaitia bila kujua, kwa kumwagilia maji ya kisima chenye chumvi. Ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia, kama zimechomwa na moto, mwenye mti anadhani ni kiu na anaongeza maji yale yale. Onja maji yako. Yakiwa na chumvi, mparachichi umwagilie ya mvua au ya bomba.

Kumwagilia mparachichi kila siku, hata maji matamu, pia ni kuuua. Mizizi yake ikikaa kwenye tope inaoza, na huo ndio ugonjwa unaomaliza maparachichi mengi ya uani. Panda juu ya kituta, mwagilia kwa wingi, kisha acha udongo upumue.

"Nipe mche mkubwa, nimechelewa"

Mche wa mita mbili uliokaa kwenye kiriba kidogo mizizi yake imeshajizungusha. Utaupanda, utasimama, na baada ya miaka michache bado unaukuta umedumaa. Nunua wa sentimita 50 au 60, wenye kiungio kilichopona. Muombe muuzaji akuonyeshe sehemu ya chini ya kiriba. Kama mzizi mkuu umetoboa na kuingia ardhini, atakapoung'oa ataukata, kwa hiyo uache. Na samadi ya shimoni iwe imeoza na kupoa. Ukitia mkono ukahisi joto, haijawa tayari.

"Embe langu lina funza kwa sababu mti umezeeka"

Funza hatokani na uzee wala na mvua. Ni mtoto wa nzi. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, aligunduliwa pwani ya Kenya, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Leo yuko kwenye kila mtaa wenye mwembe. Jike hutoboa ganda la embe linaloanza kukomaa na kutaga ndani. Funza wakishiba hutoka, huingia ardhini, hugeuka pupa na kupaa wakiwa nzi wapya.

Watu hununua mtego wenye kivutio cha dume, wanaona rundo la nzi waliokufa, wanaridhika. Mtego huo unakamata madume. Jike aliyekwisha kupandwa anaendelea kutaga juu ya kichwa chako. Mtego uwe msaada tu. Kazi kubwa ni kuokota. Kila siku, kila embe lililodondoka, hata lile lililoliwa nusu na popo. Usilitupe kwenye jalala la nyuma ya nyumba, maana hapo umewahamisha tu. Lifukie kina cha nusu mita, au funga kwenye mfuko mweusi wa taka usiotoboka na uuache juani siku kadhaa mpaka funza wafe. Maembe ya kula mwenyewe yachume yakiwa yamekomaa lakini hayajaiva, yamalizie ndani. Mti ukiwa mfupi, vika kila tunda mfuko wa karatasi ya kaki lingali changa, na ndiyo sababu nyingine ya kuupogoa mwembe badala ya kuuacha ufike juu ya paa.

Zungumza na majirani wa pande zote, kwa kuwa nzi wa mwembe wao ndiye wa mwembe wako. Na kama unafuga kuku wa kienyeji, wafungulie chini ya mti asubuhi. Wanachakura na kula funza na pupa kabla hawajapata mabawa.