Vesak si uchawi: maelezo kwa wakaaji wa Lubumbashi

Kila Mei malalamiko yanatufikia ofisini: majirani wameona taa za karatasi na moshi wa ubani kwenye lupango la wageni kutoka Asia, na tayari mtu ametamka uchawi. Tunajua wengi wanauliza kwa nia njema. Lakini neno hilo, katika mji wetu, linaweza kumletea mtu mawe.

Vesak, sikukuu ya Wabudha, kwa kawaida huangukia mwezi mpevu wa Mei. Wabudha wa Sri Lanka, Thailand na jirani zao wanakumbuka Buddha alivyozaliwa Lumbini, alivyofikia mwangaza Bodh Gaya na alivyofariki Kushinagar. Wachina wengi huadhimisha kuzaliwa tu, siku ya 8 ya mwezi wa 4 wa kalenda yao, kwa hiyo tarehe hazilingani. Umoja wa Mataifa uliitambua sikukuu hii mwaka 1999.

Na yale maua mbele ya sanamu ya Buddha? Wengi wenu mnadhani ni kuomba utajiri. Huko Sri Lanka anayeyaweka husoma ubeti wa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabudha: kama ua hili linavyonyauka, ndivyo mwili wangu unavyokwenda kuharibika. Jioni ncha zimejikunja, kesho yake yamekuwa ya kahawia, na muumini anayatazama hivyo hivyo. Kwa mapokeo ya Kipali, Buddha aliwaaga wanafunzi wake akisema kila kilichoundwa kitaharibika, wasizembee. Sisi tunaofyeka makaburi ya wazee wetu kila tarehe 1 Agosti tungepaswa kulielewa hili upesi. Kwani tunaabudu kaburi?

Sasa sheria. Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kuonyesha dini yake, peke yake au na wenzake, hadharani au faraghani, mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Kwa maandamano ya barabarani, kifungu cha 26 kinawataka waandaaji wayaarifu mamlaka husika kwa maandishi. Wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kundi linalotaka kutambuliwa kisheria lifuate sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001, inayohusu mashirika yasiyo ya faida. Anayevuruga ibada kwa fujo au vitisho anatenda kosa la jinai, hata akidai anatetea mtaa.

Kelele zikizidi usiku, peleka malalamiko komine, kama ambavyo ungefanya kwa kanisa la jirani. Andika saa, avenyu na namba ya lupango. Dini usiiandike.