Je, wajua kwa nini magari mengi ya mbio yaliyoundwa nyumbani Marekani yalitokana na Ford Model T kuukuu?

Kuanzia 1908 hadi 1927 kampuni ya Ford iliunda Model T zaidi ya milioni 15. Kwa wingi huo, katika miaka ya 1920 kijana wa Indiana au Ohio aliweza kujipatia moja lililochoka kwa bei ya kutupa, na vipuri vilikuwa tele. Aling'oa madigadi, paa na kioo cha mbele, akaishusha fremu ili gari lisipinduke konani, kisha akalipeleka kwenye maonyesho ya kilimo. Huko kulikuwa na viwanja vya vumbi vyenye umbo la yai, vilivyochongwa zamani kwa mbio za farasi.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye injini. Ilikuwa na ujazo wa lita 2.9, ila ilitoa nguvu farasi 20 tu, maana valvu zake, yaani vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, zilikaa ubavuni mwa silinda, na hewa ikapita kwa kujipinda. Bahati ni kwamba silinda hedi yake, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ilifungwa kwa bolti, jambo lisilo la kawaida siku zile, kwa hiyo mwenye spana aliweza kuibadilisha. Mimi hilo hunivutia kuliko rekodi yoyote ya mwendo. Fundi alifungua hedi ya kiwandani, akaweka yenye valvu juu: Frontenac ya ndugu Louis na Arthur Chevrolet, au Rajo ya Joe Jagersberger wa mji wa Racine. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, ilibaki chini mahali pake, na vijiti virefu vikapanda kusukuma valvu.

Nguvu ilipoongezeka, tatizo likahamia kwenye oili. Model T halikuwa na pampu ya oili. Flaiwili (gurudumu zito la injini) na konrodi (mikono inayoshika pistoni) ndizo zilizoirusha huku na kule. Kwenye mbio hizi kona zote ni za kushoto, basi oili hukimbilia kulia, na beringi za metali laini zikikauka huyeyuka. Ndiyo maana waliotaka kumaliza mbio waliongeza pampu ya oili.

Mwaka 1923 dereva L. L. Corum aliingia Indianapolis 500, mbio za kilomita kama 800, na Ford lenye hedi ya Frontenac. Alimaliza wa 5. Wanne waliomtangulia wote walitumia injini za Harry Miller, zilizobuniwa kwa mbio tu.