Insha ya Common App: maneno 650 ndo mwisho

Oktoba ikifika tu simu za ofisini zinaanza, mzazi analalamika mfumo mbovu, insha ya mwanangu inagoma. Mfumo uko sawa jamani. Insha kuu ya Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuomba chuo inayopokelewa na vyuo binafsi vingi vya Marekani, inataka maneno 250 mpaka 650, ukiwa na 651 haipiti na hakuna mtu wa kumpigia akakuongezea, kwa hiyo zile barua za mkuu wa shule za kuomba nyongeza tafadhalini msituletee tena.

Kilichowachanganya wengi ni sehemu ya Maelezo ya Ziada, ambayo kuanzia msimu wa 2025-2026 imekatwa kutoka maneno 650 hadi 300. Watu walishazoea kumwagia huko mabaki ya insha, na hata zamani haikuwa kazi yake. Kama uliugua au nyumbani palikuwa na shida iliyokurudisha nyuma, kuna swali lake la changamoto, maneno 250. Shughuli zako za nje ya darasa nazo unaruhusiwa 10, na maelezo ya kila moja ni herufi 150, nafasi zinahesabiwa. Nasema HERUFI, sio maneno, hili nalirudia kila siku.

Halafu kuna wanaoandika kwanza kwa Kiswahili, sio vibaya, ila hesabu itakudanganya. "Hawakunisaidia" kwetu ni neno moja, ukiligeuza Kiingereza yanakuwa matano. Rasimu ya maneno 500 inaweza kuvuka 650 kabla hujashtuka. Usiiamini sana namba ya Word pia, inayohesabika ni ile ya ndani ya fomu, kwa hiyo bandika mapema, soma hesabu, kisha fungua PDF ya mwisho uisome yote kabla hujatuma.

Kuna wajanja wanaunganisha maneno kwa vistari ili kaunta ya maneno isome moja. Kaunta utaipiga chenga, lakini msomaji wa udahili ni binadamu, anaona.

Maswali ya chuo chenyewe yana vikomo vyake, Stanford insha zao tatu ni maneno 100 hadi 250 kila moja, Yale wakikuuliza kwa nini umewachagua ni 125 tu. Wanabadilisha, so angalia fomu ya mwaka wako na sio ya kaka yako.

La adhabu sasa. Ukituma unasaini kwamba kazi ni yako. Kumlipa mtu akuandikie upya, au kuchukua maandishi ya AI ukayaita yako, sera ya Common App inauita udanganyifu, na chuo kinaweza kufuta nafasi hata kama umeshakubaliwa na mmeshafanya sherehe.

Wanaoomba mapema, kwa dedline ya Novemba 1, insha tunazisoma ofisini bure, leteni wiki mbili kabla. Ikizidi 650 tunakurudishia bila kuisoma.