Kifua kikuu kabla ya vidonge: maswali kuhusu mji wa Saranac Lake

Saranac Lake ni wapi, na unahusikaje na TB?
Ni mji mdogo wa milimani kaskazini mwa jimbo la New York, Marekani. Daktari Edward Livingston Trudeau, aliyegundulika kuwa na TB mwaka 1873, alipata nafuu katika milima hiyo. Mwaka 1884 akaanzisha hapo hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wagonjwa walimiminika, na wenyeji wakaongeza vibaraza kwenye nyumba zao ili kuwapangisha.

Walitibiwa kwa nini, na dawa haikuwepo?
Kwa mapumziko, chakula kizuri na hewa safi. Mgonjwa alilazwa barazani saa nyingi kila siku, amefunikwa mablanketi mpaka kidevuni, hata theluji ikianguka.

Hewa safi iliwaponya kweli?
Trudeau alilipima jambo hili kwa sungura. Aliwaambukiza watano akawafungia mahali penye giza na unyevu, chakula kidogo: wanne wakafa. Watano wengine aliwaambukiza pia, ila akawaachia kwenye kisiwa chenye jua na majani tele: akafa mmoja tu. Kundi la tatu halikuambukizwa, likawekwa kwenye shimo lenye unyevu: walikonda, lakini hakuna aliyepata TB. Nalipenda sana jaribio hili, kwa sababu hata leo tunasikia kwamba TB huletwa na baridi, au ni ya ukoo. Bila kimelea hakuna TB. Ila njaa na msongamano humpa kimelea nguvu. Na mapumziko peke yake hayakuua kimelea: Trudeau mwenyewe alikufa kwa TB mwaka 1915.

Mji ulijikinga vipi?
Kutema mate ovyo kulikatazwa. Mgonjwa alitembea na kikombe chake cha makohozi, na yale makohozi yakachomwa moto. Akihama au akifa, chumba kilifukizwa dawa. Leo tunajua njia kuu ni hewa: mgonjwa akikohoa au kuzungumza, mwingine anavuta vimelea. Kwa hiyo dirisha wazi lina faida kuliko kumtengea sahani. Na lile dirisha la daladala mnalogombania kulifunga asubuhi, tafadhali liacheni wazi.

Nini kilibadilisha mambo?
Streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, kisha dawa nyingine. Hospitali ya Trudeau ilifungwa mwaka 1954. Siku hizi TB ya kawaida hutibiwa kwa vidonge, mara nyingi kwa miezi 6, na Tanzania na Kenya dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali. Tatizo ni wanaoacha dozi mwezi wa pili kwa kuwa wamepata nafuu. Vimelea vilivyobaki vinaweza kugeuka sugu, na hapo matibabu huwa magumu zaidi.

Niende kupimwa lini?
Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukitokwa jasho jingi usiku, ukipata homa za jioni au ukikonda bila sababu. Ukikutwa na TB, wa nyumbani kwako wakachunguzwe pia, watoto wadogo kwanza.