Kila kipele kina mdudu ndani? Hapana jamani, na hii ndo inafanya watu wanajiunguza

Jumanne iliyopita kaingia mama na watoto watatu, mkubwa kama miaka 9, mdogo bado ananyonya, na huyu wa katikati mikono imechubuka katikati ya vidole kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Nikauliza huyu kaungua na nini? Mama akanijibu hata bila kusita, "Hajaungua daktari, nimemsugua na gunzi nikavipasua vyote afu nikampaka ndimu na chumvi wadudu wafe, ila wanazaliwa upya."

Nafanya kazi ya ngozi huku Mtwara mwaka wa 12 sasa, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mpaka yananiumiza, kwa hiyo leo naandika kuhusu upele, ule ugonjwa wa ngozi unaoletwa na vijidudu.

Mama simlaumu. Mtoto halali, saa nane za usiku anajikuna mpaka shuka lina damu, mzazi gani atakaa tu anaangalia. Kinachonikasirisha ni hiyo imani yenyewe kwamba kila kipele kina mdudu ndani, kwa hiyo ukikipasua umemuua, na ukikiunguza ndo umemuua zaidi. Hii ndo mama wa dhana zote za upele, ukiiamini hii basi gunzi, ndimu, mafuta ya taa, jiki, spiriti, dawa ya kuogeshea ng'ombe, vyote vitakuingia akilini.

Ukweli ni kwamba mtu mwenye upele wa kawaida, mwili mzima kuanzia juu mpaka chini, ana wadudu wakubwa kama 10 mpaka 15 tu. Vile vipele unavyoviona mia mbili mia tatu tumboni na mapajani vingi havina kitu ndani, ni mwili unapambana na hao wachache pamoja na mayai yao na kinyesi chao, yaani ni aleji. Mdudu mwenyewe yuko kwingine. Jike anachimba kijitundu kama handaki kwenye tabaka la juu la ngozi, anapenda katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kwapani, kiunoni pale mkanda unapokaa, makalioni, kwenye chuchu kwa akina mama, kwenye uume kwa wanaume, na kwa watoto wachanga hata viganjani, nyayoni na kichwani. Urefu wake haufiki hata nusu milimita. Humo ndani anataga mayai mawili matatu kila siku kwa mwezi mpaka mwezi na nusu, yai linaanguliwa baada ya siku 3 au 4, na mpaka kitoto kije kiwe mdudu mkubwa ni kama wiki 2. Sasa we unapasua vipele vya tumboni na pini wakati mwenye nyumba yuko katikati ya vidole anataga.

Na hapo ndo kosa la pili linazaliwa, watu wanapaka dawa kwenye vipele tu. Nakupa BBE, ile dawa ya maji ya kupaka ya upele, unaenda nyumbani unadondoshea hapa kidogo na pale kidogo kama unapaka dawa ya kidonda. Hapana. Dawa inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni mpaka kwenye unyayo, panapowasha na pasipowasha, kitovuni, sehemu za siri, chini ya kucha, na kwa mtoto mdogo kichwani pia ila usiguse macho na mdomo.

Kwenye kucha mi huwa sielewani na mtu, kabla sijaandika dawa nataka kuziona zimekatwa, maana mtu anayejikuna anabeba wadudu na mayai humo chini halafu anajirudishia mwenyewe. Na kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi, unapaka dawa saa kumi na mbili jioni, saa mbili unanawa mikono unakula ugali, umeshaitoa dawa pale pale wadudu wanapokaa zaidi. Kula kwanza ndo upake, na ukinawa kwa sababu yoyote rudia kupaka mikono. Mama anayenyonyesha afute ziwa kabla mtoto hajanyonya, akimaliza apake tena.

Kosa la tatu, anatibiwa anayewashwa peke yake. Ukiambukizwa kwa mara ya kwanza mwasho unaweza kuchukua wiki 4 mpaka 6 ndo uanze, maana mwili bado haujajua kuna mgeni. Wiki zote hizo unalala na wenzako kitanda kimoja na unawagawia. Aliyewahi kuugua akipata tena anawashwa ndani ya siku moja mpaka 4. Kwa hiyo baba anayeniambia "mimi siwashwi, mtibu mama na watoto" inawezekana kabisa anao, na baada ya mwezi atawarudishia wote na mtasema dawa za hospitali hazifanyi kazi. Nyumba nzima, usiku mmoja, hata dada wa kazi, hata mjomba aliyekuja kwa ajili ya msimu wa korosho analala sebuleni.

La mwisho kwenye hili, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Ukimaliza dawa vizuri mwasho hauondoki kesho yake. Wadudu wamekufa lakini mizoga yao na mayai bado vimo kwenye ngozi mpaka ngozi ijibadilishe, kwa hiyo kuwashwa wiki 2 mpaka 4 baada ya tiba ni kawaida kama kunapungua pungua. Mtu asipoambiwa hivyo anaamini wadudu bado wapo na anaanza kujiadhibu. Nimepata kijana wa bodaboda alijipaka BBE kila siku wiki 3 mfululizo, ngozi ikawa kavu, nyekundu, inawasha kuliko mwanzo, na safari hii iliyokuwa inamuwasha ni dawa yenyewe. Nilimwambia acha kila kitu, paka mafuta mazito ya mgando, nikampa na vidonge vya aleji vya kumsaidia alale, siku 10 baadae kaja analala vizuri.

Sasa tuje kwenye dawa za nyumbani zenyewe.

Mafuta ya taa. Hayana kipimo chochote kilichothibitishwa cha kutibu upele, kinachojulikana ni kwamba yanaunguza ngozi, yanakausha mpaka inapasuka, mvuke wake mtoto anauvuta usiku kucha, na akilamba mkono akapaliwa yanaingia kwenye mapafu. Afu nyumba nyingi bado zina kibatari. Mtoto aliyepakwa mafuta ya taa mwili mzima kulala chumba kimoja na kibatari, naomba mfikirie hilo wenyewe. Jiki ni hivyo hivyo, ni ya nguo, sio ya mwili.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe ndo inayonitisha kuliko zote, kwa sababu mtu anakuja na hoja yake kabisa, "daktari si ni dawa ya wadudu tu, na hizo za kwenu si za jamii hiyo hiyo?" Ni kweli permetrini ya asilimia 5 ambayo tunampa mtu ina ndugu zake kwenye dawa za mifugo, lakini ile ya ng'ombe imetengenezwa ichanganywe kwenye pipa la maji kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe, ina viyeyushi vyake, na nyingine sio jamii hiyo kabisa. Kuna za jamii ya amitrazi ambazo zinampeleka mtu usingizi mzito na kushusha mapigo ya moyo, na kuna zile za organofosfeti ambazo zinaleta mate mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo, na kushindwa kupumua. Ngozi iliyokwaruzwa kwa kujikuna inanyonya zaidi kuliko nzima. Kama umeshampaka mtu, mvue nguo, mwogeshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke hospitali na chupa yake ili tujue ni ipi.

Ya sindano ya ng'ombe, yaani ivamektini, dawa ya kuua wadudu, pia wanakunywa. Kibao cha ivamektini cha binadamu ni miligramu 3, mtu wa kilo 60 anameza 4. Ile ya mifugo ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mililita moja, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai ni miligramu 50, na kuna mzazi nimemkuta amempa mtoto kijiko. Sitaki hata kulizungumza zaidi.

Na huku kwetu kuna hii nyingine, "mi nilishameza zile za matende, tena tulipimwa urefu na kijiti." Ni kweli moja ya vile vidonge ni ivamektini hiyo hiyo, na inapunguza upele kijijini, lakini haiui mayai, kwa hiyo kwa tiba ya upele inamezwa mara mbili, ya pili baada ya siku 7 mpaka 14 kukamata walioanguliwa. Umemeza mara moja mwaka jana, huna kinga yoyote leo. Mjamzito hatumpi, na mtoto chini ya kilo 15 hatumpi.

Salfa sasa, hapa wazee hawakukosea. Salfa ni dawa ya zamani sana ya upele na mpaka leo tunaitumia, ikichanganywa kwenye mafuta ya mgando kwa asilimia 5 mpaka 10, inafaa mjamzito na kichanga, inanuka na inachafua shuka ila inatibu ukipaka usiku tatu mfululizo. Shida ni pale mtu anapochota salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, anakoroga kwenye mafuta ya kupikia kwa kukadiria na mkono, inatoka nzito kama uji, mtoto anababuka ngozi yote. Nenda duka la dawa ukachanganyiwe.

Mwarobaini: kuoga maji yake sikatazi, wengine wanapata nafuu ya mwasho, lakini usiache tiba kwa ajili yake, na mafuta yake usimnyweshe mtoto kamwe, yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga. Shubiri inapoza tu. Ndimu na chumvi ni kumtesa mtoto. Maji ya bahari, hapana, ungekuwa unapona kwa maji ya chumvi basi wavuvi wa Msanga Mkuu nisingewaona kwenye foleni yangu.

Tyubu za kuondoa madoa na muwasho ambazo zinauzwa kila genge, nyingi zina steroidi kali, dawa ya kutuliza mwasho isiyoua wadudu. Mwasho unatulia siku mbili tatu, unafurahi, wadudu wanaendelea kuzaana kimya kimya, na upele unabadilika sura mpaka hata mhudumu anaweza asiutambue. Ukija kwangu niambie ukweli ulipaka nini, sigombi.

Eti upele ni uchafu. Sio kweli, unaambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, kulala pamoja, kumbeba mtoto, na ndo maana mabweni na nyumba za chumba kimoja zinaumia. Tangu 1687 Mtaliano Giovanni Cosimo Bonomo alishaeleza kwamba ni mdudu, na bado mwalimu anamsimamisha mtoto mbele ya darasa anamwita mchafu. Shirika la Afya Duniani limeuweka upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na wakati wowote ule wanaougua duniani wanazidi milioni 200. Oga mara tano kwa siku, kama unalala na mwenye nao utaupata.

Eti lazima uchome godoro. Msichome magodoro jamani, hela mnatoa wapi? Wakati wa vita vya pili vya dunia kule Uingereza, mtafiti Kenneth Mellanby aliwalaza watu waliojitolea ndani ya mablanketi yaliyotumiwa na askari wenye upele, na walioambukizwa walikuwa wachache sana. Mdudu akitoka mwilini anaishi siku 2 au 3 basi. Shuka na nguo za siku hizo zifue kwa maji ya moto sana na uanike juani, kisichofulika funga kwenye mfuko wa plastiki siku 4, wiki ukitaka kulala kwa amani.

Upele wa mbwa na utitiri wa kuku ni wadudu wengine. Watakuwasha siku kadhaa lakini kwenye mwili wako hawazaani, hapo unatibiwa mbwa na kusafishwa banda.

BBE ya mtu mzima haipakwi mtoto kama ilivyo. Miaka 2 mpaka 12 tunaichanganya nusu kwa nusu na maji safi, chini ya miaka 2 sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji na haikai muda mrefu, mwambie anayekupa akuelekeze saa ngapi umwogeshe.

Na yule wa katikati wa Jumanne, vidonda vilikuwa vimeshapata usaha kwa hiyo nilianza na antibayotiki kwanza. Wadudu wa usaha wanaoingia kupitia upele wanaweza kuharibu figo za mtoto, kwa hiyo ukiona ameamka macho yamevimba, au mkojo una rangi ya chai ya rangi, hiyo siku usimpake kitu chochote, mlete.