Sabufa imeungua, au imesingiziwa?

Sabufa nyingi, yaani spika za besi, hufika mezani kwangu zikiwa zimeshahukumiwa kwamba zimeungua, kumbe kilichokatika ni waya. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote huanza kwa kuitenga spika na amplifaya. Nazima amplifaya, nachomoa waya zote mbili za spika, kisha naiwasha amplifaya ikiwa peke yake. Taa ya ulinzi, ile inayowaka amplifaya inapojizima kujilinda, isipowaka, shida iko kwenye spika au kwenye waya zake. Ikiendelea kuwaka, shida iko kwenye amplifaya yenyewe. Waya nazo nazikagua: uzi mmoja wa shaba uliochomoza na kugusa upande wa pili unatosha kuleta shoti.

Sasa mita, kwenye kipimo cha omu 200 (omu hupima ukinzani wa umeme). Kwanza nagusanisha ncha zake zenyewe. Nyingi husoma omu 0.2 hadi 0.5, na hiyo naitoa kwenye jibu. Halafu nagusa pini za spika. Karatasi yake, ile inayotikisika kutoa sauti, isiguswe wakati huo, maana koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, ikitembea kwenye sumaku huzalisha umeme wake na kuchezesha namba.

Hapa ndipo spika nzima hutupwa, na huniuma kila nikiona. Spika iliyoandikwa omu 4 haisomi 4. Husoma kama 3.2 hadi 3.7. Ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 hivi. Namba ya nyuma ya sumaku inahusu umeme wa muziki, unaogeuka mwelekeo kila mara, ilhali mita inapima waya wa koili tu kwa umeme wa betri. Shoti ya kweli mara nyingi haijifichi: namba iko karibu na 0, au imeshuka mno, mathalani 1.5 kwa koili ya omu 4, kwa sababu vanishi inayoufunika waya imeungua na mizunguko ya waya inagusana. Mita isiposoma kitu, ikaonyesha OL (yaani imezidi kipimo), kuna mahali pamekatika.

Spika zenye koili mbili zinahitaji uangalifu zaidi. Ondoa waya zinazoziunganisha, upime kila koili peke yake. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba husoma chini ya 2, na usipojua utaapa ni shoti.

Hata OL usiiamini haraka. Tazama zile waya laini za kusukwa zinazotoka kwenye pini kwenda kwenye karatasi. Hutikiswa kila besi inapopiga, na mara nyingi hukatika pale zinapoingia kwenye karatasi. Peleka ncha za mita upande huo wa karatasi, ukipata 3.4, koili iko hai. Lehemu waya mpya wa aina hiyohiyo ya kusukwa, kwani wa kawaida hautakawia kukatika.

Namba zikiwa nzuri, bado kuna mikono na pua. Bonyeza karatasi taratibu kwa mikono miwili, pande zinazotazamana, ishuke sawasawa. Ikikwaruza, koili imevimba au imepinda. Harufu ya kuungua nayo ni ushahidi. Koili ya namna hiyo yaweza kusoma vizuri ikiwa baridi, kisha ikipata joto ikapiga shoti, na amplifaya ikajizima katikati ya muziki. Hiyo siihangaikii, nabadilisha.

Ila kabla ya kufunga mpya, napima amplifaya: mita kwenye volti za DC (umeme kama wa betri, usiogeuka mwelekeo), ncha moja kwenye kila pini ya kutolea sauti, bila spika na bila muziki. Zinatakiwa milivolti chache, hata makumi kadhaa si neno. Zikionekana volti nzima, yaelekea transista za kutoa nguvu zimekufa na ndizo zilizoichoma ya kwanza. Hapo spika mpya inabaki kwenye boksi lake hadi amplifaya itengenezwe.