Kompyuta Haitakufundishia, Mwalimu

Sijawahi kumaliza mafunzo na walimu hapa Nairobi, iwe Kasarani au Lang'ata, bila mmoja kusema, "Basi sasa kompyuta itanifundishia." Haitakufundishia!

Mwalimu huyo hufungua Hot Potatoes, programu ya kutunga mazoezi ya kompyuta, akaingiza maswali 20 ya kuchagua kutoka mtihani wa zamani, akaonyesha jibu sahihi, kisha akaacha visanduku vya maoni vitupu. Mtoto akikosea anaambiwa tu amekosea. Anabofya jingine, na jingine, hadi apate. Hapo amejifunza kubofya.

Chukua 1/2 + 1/3. Anayechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Anayechagua 1/6 amezidisha. Hayo ni makosa mawili tofauti, nayo JQuiz, sehemu ya maswali ndani ya Hot Potatoes, inakupa kisanduku cha maoni kwa kila jibu. Kwa 2/5 andika: "Ulianza na nusu, ukaongeza, ukapata chini ya nusu. Inawezekanaje?" Swali hilo haliwezi kutungwa na mashine isiyojua madaftari ya darasa lako.

Wala si jambo geni. Katika PILOT, lugha ya kompyuta aliyobuni John Starkweather huko Marekani miaka ya 1960 ili walimu waandike masomo yao wenyewe, amri ya M ililinganisha jibu la mwanafunzi na yale aliyoyatarajia mwalimu, kisha mwalimu akaamua aliyepata aambiwe nini na aliyekosa aambiwe nini.

Ndiyo maana siruhusu laptopu iwashwe kabla sijaona maswali matano kwenye karatasi, kila jibu potofu likiwa na sababu yake kando. Wengine hununa. Wanune.

Eti lazima ujue kuandika msimbo? Unajaza visanduku tu. Msimbo programu inajiandikia.

Eti ni ghali? Hot Potatoes, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada, ni ya bure kwa kila mtu tangu 2009.

Eti bila bando haifanyi kazi? Zoezi likikamilika ni faili ya HTML: ibebe kwa flashi, uifungue kwenye brauza ya kompyuta yoyote ya shule. Picha ziweke folda moja na faili hiyo, uzibebe pamoja, la sivyo watoto wataona visanduku vitupu. Alama hazitajihifadhi, hizo ziandike daftarini kabla mtoto hajafunga ukurasa.